Kamera Zinakatakata Baada ya Kuweka Meshi Mpya: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

"Fundi, nimebadilisha mtandao wa nyumba nzima, intaneti inakimbia kweli kweli, ila kamera zimekuwa kama za kuazima. Leo zipo, kesho hazipo."

Ujumbe wa namna hii naupata mara kwa mara, kutoka Shangani, Chuno na Mikindani hapa Mtwara, hadi Lindi mjini. Wengi wanaoniandikia wameshapita njia ile ile: wameriseti kamera zote kwa mkupuo, wamezima na kuwasha meshi (vile vituo kadhaa vya waifai vinavyofanya kazi kama mtandao mmoja) mara kumi, halafu wamekwenda dukani kununua kamera mpya. Na mpya nayo inakata.

Usinunue kitu kwanza. Kamera nyingi zinazokata baada ya kuweka meshi hazina ubovu wowote. Zilizoea ruta moja ya zamani, sasa zimewekewa mtandao unaobadilika kila saa, nazo hazijui kubadilika nao. Kazi yako ni kujua zinashindwa wapi, kisha kuzitengea kona yao yenye utulivu. Fuata hatua kwa mpangilio, ila pale daftari la hatua ya 1 litakapokuelekeza uruke.

## Andaa vitu hivi kwanza

- Simu ya Android yenye programu ya kupima mawimbi ya waifai. Ipakue mapema, ukiwa bado una intaneti. iPhone haifai kwa kazi hii kwa sababu hairuhusu programu za kawaida kuona nguvu ya mitandao jirani.
- Kompyuta yenye Windows, hata ya zamani, kama unaweza kuipata.
- Jina na nywila ya kuingilia kwenye ruta ya kampuni ya intaneti, na vilevile kwenye meshi.
- Jina la waifai ya zamani na nywila yake, herufi kwa herufi. Hili lina thamani kubwa, utaona kwenye hatua ya 4.
- Multimita, au kile kimita kidogo cha USB kinachoonyesha volti.
- Kebo ya mtandao, Cat5e au Cat6, ya kutosha kutoka kituo kikuu cha meshi hadi kituo cha mbali.
- Pini ya kuriseti, ngazi, na mtu wa kuishika hiyo ngazi.
- Daftari na kalamu.

Daftari nimeliweka mwisho, lakini ndilo litakalokufaa kuliko vyote.

## Hatua ya 1: Siku mbili za kuandika saa tu

Usiguse mpangilio wowote kwa siku mbili. Kila kamera ikikata, andika kamera ipi, saa ngapi, ilirudi saa ngapi, na wakati huo kulikuwa na nini: mvua, umeme umekatika, giza limeingia, watu wote wamerudi nyumbani. Programu nyingi za kamera zina orodha ya matukio inayoonyesha saa ambayo kamera ilipotea, kwa hiyo huhitaji kukesha.

Watu wengi huruka hatua hii kwa sababu inaonekana kama kupoteza muda. Nakuhakikishia inaokoa muda. Mama mmoja wa Shangani alikuwa na kamera sita, ya getini ndiyo ilikuwa inamsumbua. Alishairiseti mara nyingi, akanunua nyingine, ikawa vilevile. Nilipomwomba aandike saa, daftari likasema: saa kumi na mbili na nusu jioni, saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano, saa moja kasoro. Kila siku jua linapozama! Mchana kutwa kamera ilikuwa haina neno.

Giza likiingia, kamera huwasha taa zake za infraredi ili ione usiku, na taa hizo hula umeme zaidi. Siku ya kufunga meshi, kituo kimoja kilichukua soketi ya dirishani iliyokuwa ya kamera, adapta ya kamera ikahamishiwa soketi ya sebuleni na kuongezewa waya mwembamba wa USB wa mita nyingi. Nilipima upande wa kamera: mchana volti 4.9, usiku 4.4. Kamera ilikuwa inazima na kuwaka upya. Waifai haikuhusika hata kidogo, ila kwa kuwa meshi ndiyo ilikuwa ngeni ndani ya nyumba, ikabeba lawama.

Soma daftari lako hivi:

- Inakata jioni ile ile, jua likizama: umeme wa kamera. Anza na hatua ya 7.
- Zote zinakata kwa pamoja usiku wa manane: meshi inabadilisha chaneli (njia ya mawimbi inayotumia) au inajisasisha. Hatua ya 5.
- Inakata baada ya muda ule ule, mfano kila saa 24 tangu iwashwe: anwani ya IP, yaani namba ambayo ruta inakipa kila kifaa. Hatua ya 8.
- Hazirudi baada ya umeme kukatika na kurejea: hatua ya 7, sehemu ya mwisho.
- Moja tu inakata hovyo hovyo bila mpangilio: mawimbi hafifu. Hatua ya 6.
- Hazijawahi kuunganika tangu meshi ifungwe: hatua ya 4.
- Zinakata kwenye simu ukiwa mbali tu, lakini ukiwa nyumbani zinaonekana: tatizo ni intaneti. Hatua ya 2.

Umefanikiwa ikiwa unaweza kusema sentensi moja kama hii: "Kamera ya nyuma inakata mvua ikinyesha, nyingine hazikati." Ukiwa huna sentensi hiyo, ongeza siku ya tatu.

## Hatua ya 2: Tenganisha intaneti na waifai

Hivi ni vitu viwili. Waifai ni njia ya ndani ya nyumba, intaneti ni barabara ya kutoka nje. Mei 2024, nyaya za intaneti za chini ya bahari zilipokatika, nilipigiwa simu na watu walioamini kamera zao zimekufa. Kumbe rekoda, kile kifaa kinachohifadhi video za kamera, ilikuwa inarekodi ndani ya nyumba kama kawaida.

Kwenye kompyuta, ikiwa kwenye waifai ya meshi, fungua Command Prompt uandike ipconfig. Namba iliyo mbele ya "Default Gateway" ndiyo anwani ya ruta yako, mfano 192.168.68.1. Sasa andika:

ping -t 192.168.68.1

Amri hii inaendelea kuiuliza ruta kama ipo. Acha dirisha hilo wazi. Fungua la pili, fanya vivyo hivyo kwa anwani ya kamera, ambayo utaipata kwenye orodha ya vifaa vya meshi. Fungua la tatu uandike ping -t 8.8.8.8, hiyo ni ya nje kabisa.

Subiri kamera ikate. Dirisha la tatu pekee likionyesha "Request timed out", shida ni intaneti. Ongea na wanaokuuzia kifurushi. Likisimama la kamera pekee, endelea na mwongozo huu. Yakisimama yote matatu, kompyuta yenyewe imepoteza meshi, basi ruka uende hatua ya 6.

Kwa wanaotumia ruta ya laini ya simu, zingatia jambo moja. Kamera inayotuma video ya megabiti 2 kwa sekunde inakula takribani MB 900 kwa saa ukiiangalia kutoka mbali. Kamera nne zikiachwa wazi kwenye simu ya ndugu aliye Dar es Salaam, bando linaisha kabla ya jioni, na kila kitu kitaonekana kimekata.

## Hatua ya 3: Hakikisha nyumba ina ruta moja

Hapa ndipo wenye rekoda wanapoumia zaidi. Ruta ya kampuni ya intaneti inagawa anwani zinazoanza na 192.168.1, meshi mpya nayo inagawa zake, labda 192.168.68. Sasa una mitandao miwili, mmoja ndani ya mwingine. Rekoda imebaki na kebo kwenye ruta ya zamani, kamera zimehamia kwenye meshi. Rekoda inaita kamera kwenye anwani za zamani, haijibiwi.

Ingia kwenye programu ya meshi, tafuta sehemu ya namna ya kufanya kazi, badilisha kutoka "Router" kwenda "Access Point". Meshi nyingine huita "Bridge". Kuanzia hapo ruta ya kampuni ndiyo pekee inayogawa anwani, na meshi inabaki kusambaza mawimbi.

Kisha zima waifai ya ruta ya kampuni. Usiiache ikiwaka "kwa dharura". Kamera zinaikumbuka na zitaendelea kuikimbilia, hata kama mawimbi yake ni hafifu kuliko ya meshi.

Tahadhari: ukihamia "Access Point", baadhi ya huduma za meshi, kama udhibiti wa watoto, zinaweza kuzimika. Kama unazihitaji, iache meshi iwe ruta na uombe kampuni iweke kifaa chake kwenye hali ya "Bridge". Muhimu ni kwamba anayegawa anwani awe mmoja.

Ukirudia ipconfig, kompyuta iliyo kwenye waifai na rekoda iliyo kwenye kebo sasa zinatakiwa kuwa na anwani zinazofanana namba tatu za mwanzo.

## Hatua ya 4: Zitengee kamera mtandao wao

Nikipewa dakika kumi tu ndani ya nyumba ya mtu, nitazitumia kwenye hatua hii.

Kamera nyingi za nyumbani zinasikia masafa ya GHz 2.4 peke yake. Meshi inachanganya GHz 2.4 na GHz 5 chini ya jina moja, halafu inajaribu kusukuma kila kifaa kiende kwenye GHz 5 yenye kasi. Simu yako inaelewa na kuhama. Kamera inasukumwa mahali isipoweza kwenda, inajaribu mara kadhaa, inakata tamaa. Zaidi ya hapo, meshi mpya nyingi zina WPA3, aina mpya ya usalama wa waifai iliyofuata WPA2, na ikiwekwa WPA3 pekee, kamera iliyotengenezwa kabla yake haiwezi kuingia kabisa.

Kwa hiyo fungua mtandao wa pili kwenye meshi. Siku hizi meshi nyingi zina sehemu iitwayo "IoT Network" kwa kazi hii hii. Uweke hivi:

1. Masafa: GHz 2.4 pekee.
2. Usalama: WPA2 pekee. Usichague WPA3, wala mchanganyiko wa WPA2 na WPA3, kwa kuwa baadhi ya kamera zinababaika hata na mchanganyiko.
3. "Smart Connect" na "Fast Roaming": zima. Cha kwanza ndicho kinachosukuma vifaa kati ya 2.4 na 5, cha pili ni cha simu inayotembea na mwenyewe. Kamera imefungwa ukutani kwa skrubu, haina safari.
4. Jina na nywila: weka vile vile vya waifai ya zamani.

Hiyo namba 4 ndiyo itakayokuokoa na ngazi. Kamera haijui kama ruta imebadilika, inajua jina na nywila tu. Ikikuta jina lile lile, nywila ile ile na usalama ule ule, inarudi yenyewe bila kuguswa. Nimeona kamera nane zikirudi ndani ya dakika tano huku mwenye nyumba ameshaegemeza ngazi ukutani. Lakini lazima vifanane kabisa: "Nyumbani" na "nyumbani" ni majina mawili tofauti, na nafasi iliyojificha mwishoni mwa jina inahesabika kama herufi. Ndiyo maana nilikwambia uliandike herufi kwa herufi.

Kama huukumbuki mtandao wa zamani, chagua jina fupi lisilo na nafasi wala alama, na nywila ya herufi na namba zisizopungua 12.

Tahadhari mbili. Kwanza, usifungue mtandao usio na nywila "ili kamera ziingie kirahisi". Hiyo ni kuacha mlango wa nyumba wazi, na picha za familia yako zimo ndani. Pili, usitumie mtandao wa wageni kama una rekoda. Mtandao huo hutenga vifaa visionane, hivyo kamera itakuwa hewani lakini rekoda haitaiona.

Meshi yako haina sehemu ya "IoT"? Zima GHz 5 kwa muda wakati wa kuunganisha kamera, kisha iwashe. Kama kamera zitaanza kukata tena baada ya kuiwasha, hiyo meshi itabidi uiache na majina mawili tofauti, moja la 2.4 na jingine la 5.

Ukifungua orodha ya vifaa, kila kamera ionekane iko kwenye 2.4, na ikae hapo usiku mzima.

## Hatua ya 5: Isimamishe chaneli

Kwenye GHz 2.4, chaneli 1, 6 na 11 ndizo zisizoingiliana. Tumia programu ya simu kuona majirani wamejaa wapi, kisha chagua iliyo tupu zaidi kati ya hizo tatu. Upana uwe MHz 20, usiwe 40. Epuka 12 na 13, kwa kuwa kamera zilizotengenezwa kwa soko la Marekani huwa hazizisikilizi.

Halafu zima kipengele cha meshi kujichagulia chaneli usiku. Hicho ndicho kinachozikatisha zote saa nane usiku, na zile dhaifu haziamki hadi asubuhi. Meshi isiyokuruhusu kuchagua chaneli, iamuru ijipange mara moja mchana, kisha zima kujipanga kwake kwa usiku.

## Hatua ya 6: Vituo vimekaa wapi?

Simama chini ya kamera, shika simu karibu nayo, soma nguvu ya mawimbi. Namba ni hasi, na inayokaribia sifuri ndiyo nzuri. Kwa video unataka -67 au bora zaidi, mfano -60. Ukiona -75, kamera hiyo itakata tu, leo au kesho.

Kanuni za vitabuni zinasema kituo kimoja kinatosha vyumba kadhaa. Nyumba zetu hazijui kanuni hiyo. Kuta nene za mawe ya matumbawe za nyumba kongwe za Mikindani zinameza mawimbi kuliko tofali za kawaida. Bati, geti la chuma na nondo za dirishani vinayarudisha nyuma. Tanki la maji la plastiki likijaa ni ukuta kabisa kwa GHz 2.4; niliwahi kusogeza kituo hatua mbili tu kando ya tanki, kamera ya ghala la korosho ikatoka -78 hadi -64. Na ule mwembe au mkorosho ulio katikati ya uwanja, majani yake yakilowa mvua, mawimbi yanapungua. Ndiyo maana kamera ya nyuma inaweza kuwa salama kipindi chote cha kiangazi, halafu Desemba ikaanza kusumbua.

Weka kituo juu ya usawa wa kichwa, karibu na dirisha linaloangalia kamera, mbali na friji na nyuma ya televisheni. Kituo cha mbali kiunganishe na kikuu kwa kebo ukiweza. Kituo kinachopokea mawimbi hafifu kitagawa uhafifu ule ule, hata kama simu inaonyesha mistari yote minne.

Baadhi ya meshi hukuruhusu kuizuia kamera isihamehame kati ya vituo. Kwenye TP-Link Deco, kwa mfano, kila kifaa kina swichi ya "Mesh Technology". Izime kwa kamera. Kisha zima na kuwasha kamera ili ishike kituo kilicho karibu.

## Hatua ya 7: Umeme na chumvi

Pima volti upande wa kamera, kamera ikiwa inawaka, na pima usiku. Ya volti 5 ikishuka chini ya 4.75, au ya volti 12 ikishuka chini ya 10.8, una tatizo la umeme. Kununua adapta yenye ampea nyingi hakutibu waya mwembamba. Fupisha waya, au weka mnene zaidi. Kazi ya kusogeza soketi mpe fundi umeme, usiifanye mwenyewe.

Kwa sisi tulio karibu na bahari, kagua pia viungio. Vuta plagi ya kamera uangalie pini zake. Ukiona ukungu wa kijani, ni chumvi ya upepo wa bahari imekula shaba. Safisha kwa spiriti na mswaki, acha ikauke, paka grisi ya silikoni kidogo, kisha funga kwa tepu ya mpira inayoshikamana yenyewe. Tepu nyeusi ya kawaida huachia kwa jua na kushika maji ndani, bora usiweke kabisa.

Sasa kuhusu umeme kukatika na kurudi. Kamera inawaka haraka, meshi inachukua dakika kadhaa. Kamera inatafuta mtandao usiokuwepo, na baadhi huchoka na kuacha kutafuta. Dawa nzuri ni UPS (betri ya akiba) ndogo ya ruta na vituo vya meshi, yenye volti zile zile zilizoandikwa kwenye adapta zao. Kama haipo, kamera zote zipitie swichi moja, na mtu wa nyumbani ajue kuizima na kuiwasha dakika tano baada ya umeme kurudi.

## Hatua ya 8: Kila kamera na anwani yake

Kwenye ruta inayogawa anwani (baada ya hatua ya 3 ni ile ya kampuni, kama ulihamia "Access Point"), tafuta "Address Reservation". Chagua kamera moja moja, ipe anwani yake ya kudumu, ili isibadilishiwe muda wake ukiisha. Andika daftarini: geti .101, nyuma .102, ghala .103. Kisha rekebisha anwani hizo kwenye rekoda.

## Hatua ya 9: Zilizobaki, rudisha moja moja

Kamera ambayo bado haijarudi ndiyo pekee ya kuriseti. Kwanza angalia kadi yake ya kumbukumbu, kwa sababu ukiongozwa na programu unaweza kuifomati bila kukusudia. Ichomoe kabla ya kuanza.

Shusha kamera, iweke mita moja hadi mbili kutoka kituo kikuu. Simu iwe kwenye mtandao wa kamera, si ule wa kawaida. Bonyeza kitufe cha kuriseti hadi isikike au taa ibadilike, iunganishe, isasishe programu yake ya ndani, hakikisha saa yake inasoma sawa na ya hapa. Ndipo uirudishe juu. Kamera inayounganika mezani na kukata ukutani inakuambia wazi: rudi hatua ya 6 au ya 7.

## Jaribio la mwisho

Zima swichi kuu ya nyumba kwa dakika mbili, washa, kaa chini usubiri dakika kumi bila kugusa kitu. Kamera zote zikirudi zenyewe, ziache siku tatu, ukiendelea kuandika daftarini kama mwanzo.

Ikikata hata moja, usinitumie ujumbe wa "kamera haifanyi kazi". Nitumie picha ya ukurasa wa daftari: saa, namba ya mawimbi chini ya kamera, na volti za usiku. Kwa hayo matatu naweza kukusaidia nikiwa Mtwara na wewe ukiwa Nachingwea, bila mtu kupanda gari.